Jua la utosi baharini na gunia la dagaa mpakani

Gunia la dagaa linaloshushwa Kasumbalesa limetembea sana. Huenda lilijazwa Unguja, kwenye mojawapo ya madiko ambako wanunuzi kutoka Kongo wamekuwa wakisubiri mashua za ringineti kwa miaka mingi sasa. Likavuka kwa meli hadi Dar es Salaam, likapanda lori hadi Tunduma, likakatiza Zambia na kuingia Katanga. Njiani limepimwa, limepigwa mihuri, limelipiwa ushuru, na bei yake imeongezeka kila lilipotua.

Kuna safari nyingine iliyotangulia hiyo, nayo haina stakabadhi. Ilianzia kwenye maji ya juu ya bahari, pale vijimea visivyoonekana kwa macho viliponasa mwanga wa jua na kuugeuza chakula. Vijimea vikaliwa na vijidudu vya majini, vijidudu vikaliwa na dagaa. Jumla ya viumbe hivyo vidogo vinavyoelea huitwa planktoni. Vile vya jamii ya mimea peke yake vinafanya karibu nusu ya kazi yote ya kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua duniani. Nusu nyingine ndiyo misitu, nyasi na mashamba yote ya nchi kavu.

Mkenya wa Kisumu husema omena, Mganda husema mukene, Mrundi ndagala, Mnyarwanda isambaza, Mzambia kapenta. Si samaki wa aina moja, na wengi wao ni wa maziwa, si wa bahari. Lakini ukipasua tumbo la yeyote kati yao utakuta riziki ileile: vijidudu vinavyotegemea vijimea, vijimea vinavyotegemea jua.

Na jua hilohilo linaviua.

Kinacholisha ndicho kinachounguza

Mwanga wa jua una sehemu ambayo jicho la mtu haliioni, yaani miale ya urujuanimno. Wataalamu wameigawa makundi matatu kwa herufi A, B na C. Kundi C ndilo kali kuliko yote na halifiki chini kabisa, kwa kuwa linaishia angani. Kundi B huzuiwa kwa sehemu kubwa na tabaka la ozoni, lakini kiasi fulani hupenya. Kundi A hupita karibu lote. Kile kidogo cha B kinachopenya ndicho chenye madhara makubwa: hugonga DNA, yaani maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya kila chembe hai, na kuzigandisha herufi mbili zilizo jirani kuwa fundo moja. Chembe yenye mafundo mengi haiwezi kunakili maandishi yake, hivyo haizaliani, na mwishowe hufa.

Samaki anaweza kuteremka kwenye kivuli cha maji. Kijimea hakina uhuru huo. Kikizama sana kinakosa mwanga na kufa njaa, kikibaki juu kinaungua. Katika maji maangavu ya bahari kuu miale ya kundi B hushuka mita 20 au zaidi kabla ya kuishiwa nguvu. Karibu na mdomo wa mto kama Rufiji, ambako maji yamebeba tope na rangi ya majani yaliyooza, hali ni tofauti: hapo miale hukwama katika tabaka la juu kabisa. Maji ambayo mtalii huyasifu kwa kuwa maangavu kama kioo ndiyo yenye kivuli kidogo kuliko yote kwa kiumbe kidogo.

Mfano mzuri ni bakteria aitwaye Prochlorococcus. Aligunduliwa katikati ya miaka ya 1980 na kutangazwa mwaka 1988 na kundi la watafiti akiwamo Sallie Chisholm wa Marekani. Ni mdogo kiasi kwamba 1,000 wakipangwa mstari hawafikishi milimita moja, lakini ndiye kiumbe anayetumia jua aliye na idadi kubwa kuliko wote duniani, na makazi yake ni bahari za joto, Bahari ya Hindi ikiwamo. Mtu angetarajia kiumbe wa namna hiyo awe amezoea jua kali. Sivyo. Majaribio ya watafiti wa Hispania yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionesha kwamba akiwekwa kwenye mwanga kamili wa juu ya maji hufa haraka, wakati jamaa yake wa karibu, Synechococcus, anastahimili vizuri zaidi. Tena mwanga wa jua ukipiga maji ya bahari huzalisha haidrojeni peroksaidi, dawa ileile inayotumika kusafishia vidonda, na Prochlorococcus hana kimeng'enya cha kuiondoa. Anaponea kwa majirani: bakteria wengine waliomzunguka huiondoa peroksaidi kwa ajili yao wenyewe, naye anafaidi kwa kuwa karibu. Mfanyabiashara aliyewahi kupanga kibanda kisicho na mlinzi kando ya duka lenye mlinzi ataielewa mbinu hiyo bila maelezo marefu.

Viumbe vingine vimejifunza kujikinga vyenyewe. Vipo vinavyotengeneza kemikali zinazonyonya miale kabla haijafika kwenye DNA, kama mafuta ya kujikinga na jua wanayopaka watalii ufukweni. Kemikali za aina hiyo zimo pia katika matumbawe na katika mwani fulani mwekundu, na kampuni za vipodozi zimeanza kuzitumia. Vingine vina fundi wa ndani, kimeng'enya kinachofungua yale mafundo ya DNA. Ajabu ya fundi huyu ni kwamba anafanya kazi kwa nguvu ya mwanga wa buluu na wa kundi A. Jua linalovunja ndilo linalomwashia taa anayetengeneza. Jambo hili lilibainika mwaka 1949, Albert Kelner wa Marekani alipoona kwamba vijidudu alivyokuwa amevipiga miale hupona zaidi vikiachwa kwenye mwanga kuliko gizani.

Kwa hiyo kinachoamua si ukali wa jua peke yake. Ni hesabu ya mapato na matumizi: uharibifu wa adhuhuri dhidi ya matengenezo ya alasiri na usiku. Kiumbe akimaliza siku bila deni, kesho ataonekana. Deni likilimbikizwa, anafilisika.

Kwa nini wavuvi hutoka usiku wa giza

Wavuvi wa dagaa hawahitaji mtaalamu kuwaambia kwamba bahari ya mchana si bahari ya usiku. Hutoka na taa usiku wa giza na kupumzika wakati wa mbalamwezi, kwa sababu mwezi ukiwaka taa ya chombo haivuti kitu.

Chini ya desturi hiyo kuna msafara mkubwa. Kila jioni vijidudu vya planktoni hupanda kutoka kilindini kuja kula vijimea vya juu, na kabla ya alfajiri hushuka tena. Ukipimwa kwa uzito wa viumbe wanaohama, huo ndio uhamaji mkubwa kuliko wote duniani, na hufanyika kila siku. Sababu kuu ya kushuka mchana ni kuwakimbia samaki wanaowinda kwa macho. Lakini katika maji maangavu sana miale ya urujuanimno nayo huwasukuma chini, na katika baadhi ya maziwa ya milimani yasiyo na samaki ndiyo sababu kubwa. Dagaa huufuata msafara huo, na taa ya mvuvi inawakusanya mahali pamoja.

Mayai na vifaranga vya samaki havina hiari ya kuhama. Watafiti wa La Jolla, California, walionesha mwaka 1979 kwamba miale ya kundi B huua na kulemaza mayai na vifaranga vya samaki wa jamii moja na uono wa pwani yetu. Samaki wa aina hiyo huanza maisha akiwa mwili mwangavu usio na magamba, akielea karibu na uso wa maji.

Upande wa pili wa jua

Isingekuwa haki kulieleza jua kama adui tu. Kijiko kimoja cha chai cha maji ya juu ya bahari kina bakteria milioni kadhaa na virusi mara kumi ya hao. Virusi hivyo si vya kuambukiza watu. Kazi yao ni kuwashambulia bakteria na vijimea. Jua huviharibu kila siku, na bila hilo mavuno ya bahari yangeliwa na virusi kwa kiasi kikubwa zaidi. Miale hiyo pia huvunja mabaki magumu ya majani na magogo yaliyoletwa na mito na kuyageuza vipande ambavyo bakteria wanaweza kula.

Nguvu hiyo ya kuua vijidudu ina matumizi kwa mtu anayelala mpakani akisubiri lori lifunguliwe. Chupa ya plastiki angavu ya lita moja au mbili, ikijazwa maji yasiyo na tope na kulazwa juani saa sita, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu mazito, hupunguza sana vijidudu vya kuhara. Aftim Acra na wenzake walianza kuichunguza njia hiyo Beirut, na utafiti uliochapishwa mwaka 1996 kuhusu watoto wa Kimaasai nchini Kenya ulionesha kuwa waliokunywa maji ya namna hiyo waliharisha kidogo kuliko wenzao. Kipimo cha tope ni rahisi: simamisha chupa juu ya gazeti, kama maandishi hayasomeki ukitazama kupitia mdomo wa chupa, chuja kwanza. Njia hii haiondoi sumu za kemikali wala mafuta ya dizeli, na chupa ya rangi ya kahawia au kijani haifai.

Kwa dagaa wenyewe jua lina sura mbili. Linakausha, na kukauka ndiko kunakowanyima bakteria nafasi. Lakini mwanga huohuo huchacha mafuta ya samaki. Dagaa wenye mafuta mengi wakiachwa juani siku nyingi kuliko inavyohitajika hugeuka manjano na kutoa harufu ya mafuta yaliyooza, na mnunuzi wa Lubumbashi au Bukavu hushusha bei papo hapo. Wakishakauka, kivuli na gunia lisilopitisha mwanga ni sehemu ya mtaji. Mafuta ya kupikia yanayopangwa juani katika chupa nyeupe nje ya duka hupatwa na jambo lilelile.

Tundu lililoonekana kusini

Hadi miaka ya 1980 watu wachache sana walijali miale ya jua inavifanyia nini viumbe vidogo vya bahari. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba gesi za friji na za makopo ya kupulizia hupanda hadi juu angani na kuitafuna ozoni. Mwaka 1985 Waingereza watatu, Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, walitangaza kwamba kila majira ya kuchipua ozoni iliyo juu ya kituo chao cha Halley huko Antaktika inapungua vibaya mno. Chembe moja ya klorini kutoka kwenye gesi hizo inaweza kuvunja chembe za ozoni zipatazo 100,000 kabla ya kunaswa.

Mwaka 1990 meli ya utafiti ilikwenda kwenye ukingo wa barafu wa Antaktika kupima vijimea chini ya tundu hilo. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1992 katika jarida la Science, yalionesha uzalishaji kupungua kwa asilimia 6 hadi 12 katika eneo na kipindi kilichopimwa. Kwa mwaka mzima hasara ilikuwa ndogo zaidi, kwa kuwa tundu hufunguka kwa miezi michache tu. Haikuwa kiama kilichotabiriwa na baadhi ya magazeti ya wakati huo. Lakini ni ukingo huohuo wa barafu unaolisha uduvi wadogo waitwao krili, nao ndio chakula cha nyangumi, pengwini na samaki wa kusini.

Pwani ya Afrika Mashariki haina tundu la ozoni na haijawahi kuwa nalo. Hata hivyo, karibu na Ikweta jua hupiga wima na tabaka la ozoni kwa kawaida ni jembamba kuliko la nchi za kaskazini, kwa hiyo miale hapa ni mikali tangu enzi. Kwenye kipimo kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani, namba 11 na kuendelea huitwa kali kupindukia, na adhuhuri ya pwani huivuka mara nyingi. Viumbe vya huku vimezaliwa humo.

Kinachobadilika huku ni joto. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, maji ya juu huchanganyika na ya chini, na kijimea kilichoungua saa sita mchana huteremshwa kivulini kupumzika. Maji ya juu yakipata joto zaidi huwa mepesi na kukaa juu kama mafuta juu ya mchuzi, hayachanganyiki kwa urahisi. Hapo vijimea hufungiwa katika tabaka jembamba lenye jua, tena kwa kukosa mbolea inayopanda kutoka chini. Ziwa Tanganyika limeonja upande huo wa pili: utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba ongezeko la joto limepunguza uzalishaji wa vijimea ziwani humo kwa takriban asilimia 20. Wauzaji wa ndagala wa Bujumbura, Uvira na Kigoma wanavua kutoka kwenye sufuria hiyo moja.

Gesi iliyo nyuma ya friji

Mkataba wa kuzuia gesi zinazoharibu ozoni ulitiwa saini Montreal tarehe 16 Septemba 1987, na leo nchi zote za dunia ni wanachama. Sekretarieti yake iko Nairobi. Wanasayansi wa NASA na wenzao walipiga hesabu mwaka 2009 ya dunia ambayo haikutia saini: theluthi mbili ya ozoni ingekuwa imetoweka kufikia mwaka 2065, na mtu mweupe katika jiji kama Washington angebabuka ngozi kwa dakika tano tu za jua. Katika hesabu hiyo, anga ya nchi za joto nayo haikupona. Kwa njia ya sasa, tathmini ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2022 inatarajia ozoni kurudi katika hali ya mwaka 1980 ifikapo 2066 juu ya Antaktika, na karibu 2040 kwa sehemu kubwa ya dunia.

Hapo ndipo mfanyabiashara wa dagaa na mfanyabiashara wa friji za mitumba wanapokutana, na mara nyingi ni mtu yuleyule: anapeleka samaki, anarudi na bidhaa. Gesi ya R-12, iliyokuwa ndani ya friji za zamani, ilikoma kuzalishwa na kuagizwa katika nchi zinazoendelea mwanzoni mwa 2010, lakini iliyokwisha kuvuja hukaa angani kwa miaka ipatayo 100. Fundi anayefungua koki na kuiachia ipulize hewani anaitupa huko. Baadhi ya nchi za ukanda huu zimepiga marufuku friji za mitumba, na kila nchi mwanachama inatakiwa kuwa na leseni ya kuingiza na kutoa gesi hizi. Mtungi usio na leseni ni bidhaa ya magendo, hata kama risiti ya ununuzi ipo.

Wapo wanaoamini kwamba anga ni pana na haina askari. Mwaka 2018 vipimo vilionesha kwamba gesi moja iliyokwisha kupigwa marufuku, CFC-11, inaongezeka tena kinyume na ripoti za nchi zote. Mwaka uliofuata chanzo kikubwa kilibainika kuwa mashariki mwa China, na baada ya hatua kuchukuliwa kiwango kikashuka. Waliokuwa wakiizalisha kwa siri walikamatwa na hewa yenyewe.

Hatari nyingine iko karibu zaidi na mkono. Gesi bandia huuzwa katika mitungi yenye maandishi ya R-134a ilhali ndani kuna kloridi ya methili, ambayo ni sumu na ikikutana na aluminiamu ya kompresa hutengeneza kitu kinacholipuka. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka Vietnam na Brazil na kuua mafundi. Bei iliyo chini mno ya mtungi ni dalili ya kwanza. Mtungi wenye maandishi yaliyokosewa au usio na namba ya kiwandani ni ya pili.

R-134a halisi haiharibu ozoni, lakini inapasha dunia joto mara zaidi ya 1,000 kuliko hewa ya ukaa kwa uzito uleule. Ndiyo maana nchi zilikutana Kigali na tarehe 15 Oktoba 2016 zikakubaliana kuzipunguza gesi za kundi lake. Marekebisho ya Kigali yalianza kutumika Januari 2019 na yanatarajiwa kuzuia hadi nyuzi 0.5 za joto kufikia mwisho wa karne. Kwa bahari ambayo shida yake kubwa hapa kwetu ni tabaka la juu lenye joto, mkataba huo una uzito sawa na ule wa Montreal.

Anayehitaji kupiga hesabu sasa hivi ni mwenye chumba cha baridi au mtambo wa barafu ya samaki. Mitambo mingi ya aina hiyo hutumia R-22. Kwa nchi zinazoendelea, kiwango cha kuagiza gesi za kundi hilo kilitakiwa kupungua kwa asilimia 67.5 mwaka 2025, na mwaka 2030 uagizaji unakoma, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo hadi 2040. Mtambo wa R-22 unaouzwa leo kwa bei ya kutupa, Mombasa au Dar es Salaam, utakuwa bado una nguvu ya kufanya kazi wakati gesi yake imekuwa adimu. Kibandiko cha aina ya gesi huwa nyuma au ubavuni, karibu na kompresa. Kisomwe kabla ya fedha kutoka mfukoni, na kama kimebanduliwa, muuzaji aulizwe kwa nini.